Tulipoitwa Kwenye Kazi ya Wazee Wetu



 

Wasomaji kadhaa wametuuliza kwa nini makala zetu zimekuwa haba miezi hii. Sababu ni kwamba tumepewa kazi mpya. Baada ya miaka mingi ya kusomesha chuoni na kupanda mimbari siku za Ijumaa, tumeitwa kuwa msuluhishi wa mashauri ya ndoa na mirathi yanayotoka mahakama ya kadhi. Tulikubali haraka, pengine haraka kuliko ilivyofaa, kwa kuwa tulidhani kazi hiyo tunaijua tangu utotoni. Marehemu baba yetu alikuwa karani wa kadhi kwa miaka 27. Marehemu mama yetu alikuwa mshonaji wa kofia za viua, na hiyo ndiyo kazi iliyomletea senti. Lakini wanawake wa mtaa waliokorofishana na waume, wakwe au mawifi zao walikuwa wakipita uani kwetu kabla ya kwenda kwa kadhi, na wengine hawakufika kwa kadhi kabisa kwa kuwa walipita kwetu kwanza. Allah awarehemu wote wawili. Basi tulipopokea barua ya uteuzi tuliona kana kwamba kazi ya baba na kazi ya mama zimekutanishwa katika chumba kimoja, na sisi tumewekewa kiti katikati.

Tumeona vyema kuyaandika yaliyotukuta, maana katika jamii yetu ya pwani si sisi peke yetu. Yuko binti wa mkunga wa jadi ambaye leo ni muuguzi wa wazazi katika zahanati ya mtaa uleule. Yuko kijana aliyeajiriwa bandarini Kilindini, mahali alipobeba magunia babu yake. Wako watoto wa maalim waliokabidhiwa chuo juzi, na jamvi bado lina alama ya pale alipokuwa akikaa mzee. Kila mmoja katika hao huambiwa siku ya kwanza, "Kazi hii ni yako, umezaliwa nayo." Ni maneno ya mapenzi, na yana hatari ndani yake.

Kwanza tueleze kazi yenyewe, kwa kuwa wengi huiogopa kwa kutoijua. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 170, imezipa mahakama za kadhi mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa huko. Ibara ya 159 inazitaka mahakama zote zitilie nguvu upatanishi na njia nyingine za kumaliza migogoro. Mpango rasmi wa usuluhishi chini ya mahakama ulianza Nairobi mwaka 2016, kisha ukaenea hadi kwetu. Jalada likionekana linafaa, wahusika hupelekwa kwa msuluhishi, na kwa kawaida hupewa siku 60 za kuzungumza. Msuluhishi hana hukumu mkononi. Hawezi kumlazimisha mtu kitu. Wakikubaliana, makubaliano huandikwa, hutiwa saini na kurudishwa mahakamani yapate nguvu ya amri. Wasipokubaliana, hurudi kwa kadhi, na waliyoyasema chumbani hubaki chumbani.

Mambo haya serikali haikutuletea mageni. Surat Nisaa imeelekeza kwamba panapohofiwa mfarakano kati ya mume na mke, watumwe wapatanishi wawili, mmoja wa upande wake na mmoja wa upande wake. Wazee wetu walikuwa wakiyafanya hayo barazani bila fomu wala muhuri.

Chumba tulichopewa ni kidogo. Kina meza ya mviringo, viti sita, feni isiyozunguka vyema, na dirisha linalotazama mwarobaini. Siku ya kwanza tulifika saa mbili kasoro, tukakaa, tukatazama ile meza, tukamkumbuka baba.

Baba yetu alikuwa mtu wa maandishi. Kila kilichoingia na kutoka nyumbani alikiandika katika daftari lake, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu: deni la muuza samaki, mchango wa maziko, siku tuliyokatwa ulimi wa kwanza wa nazi tukaumwa tumbo. Ya mahakamani hakuwa akiyasema nyumbani. Lakini alikuwa na desturi moja aliyotusimulia mara nyingi, na tuliielewa tulipokuwa watu wazima. Alisema watu wakija kufungua shauri la mirathi, aliyefiwa huulizwa warithi ni nani, naye huanza kuhesabu watoto wa kiume kwa majina yao kamili, akifika kwa mabinti husema, "na wasichana." Baba alikuwa akiweka kalamu chini. "Wasichana wangapi? Nani na nani? Wameolewa wapi?" Kisha akaandika majina yao kwanza, juu ya karatasi, ndipo akashuka kwa wanaume. Alisema hakuwa na mamlaka ya kuamua lolote, lakini alikuwa na mamlaka ya kuandika, na mtu ambaye jina lake liko juu ya karatasi ni vigumu kumsahau.

Mama hakuandika kitu. Kuandika alijua, lakini alisema neno la mwenye shida likiandikwa hupata miguu. Alikuwa akikaa uani juu ya mkeka, kofia juu ya goti, sindano mkononi, na mgeni akikaa ubavuni mwake. Hakuuliza, "Una nini?" Alimpa kahawa, akampa kikombe cha pili, akaendelea kutoboa na kushona kiua kimoja baada ya kingine. Macho yake yalikuwa kwenye sindano. Tulipokuwa wadogo tulidhani hasikilizi. Baadaye mwanamke mmoja wa mtaani alituambia kwamba uzuri wa mama ulikuwa huo huo: mtu aliweza kulia mbele yake bila kutazamwa.

Hao ndio tuliowarithi. Na wiki ya kwanza tuliwaacha wote wawili mlangoni.

Tulikaa na mume na mke. Shauri lao hatutalitaja, si kwa ishara wala kwa mafumbo. Tutataja kosa letu tu. Mke alianza kusema. Hakumaliza sentensi tatu tukamkatiza, tukafungua khutba. Tulisema juu ya subira, fadhila zake na malipo yake, tukataja wake wema waliotangulia, tukapandisha sauti na kuishusha kama tunavyofanya mimbarini, na kwa kweli tulipendezwa na sauti yetu wenyewe. Tulipomaliza, karibu nusu saa ilikuwa imekwenda. Mume alikuwa anaitikia kwa kichwa. Mke alisimama, akajifunga buibui lake vizuri, akasema kwa adabu, "Sheikh, subira ninayo. Nilikuja kwa jambo jingine, na hukuniuliza." Akatoka.

Tulibaki na mume, naye akatushukuru kwa mawaidha mazuri. Shukrani ile ilituuma kuliko lawama.

Usiku ule tulifikiri sana juu ya jambo ambalo tulikuwa tumelisoma na kulisomesha mara nyingi bila kuliona. Ni kisa cha Nabii Daud na Nabii Suleiman, amani iwashukie, kilichotajwa katika Surat Al-Anbiyaa. Kondoo wa watu fulani waliingia usiku katika shamba la mtu mwingine wakaliharibu. Wakaja kuhukumiwa. Wafasiri wanasimulia kuwa Daud, mfalme na baba, aliona kwamba mwenye shamba apewe kondoo, badala ya mazao yaliyoharibika. Suleiman, aliyekuwa kijana, aliona njia nyingine: mwenye shamba akae na kondoo kwa muda, anywe maziwa yao na kutumia sufi yao, na mwenye kondoo alitunze shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mmoja arudishiwe kilicho chake. Kwa hukumu hiyo aliyeumizwa alipata fidia yake, na aliyekosa hakutolewa mali yake yote.

Siku zote tulikuwa tukikitumia kisa hiki kuonyesha akili ya Suleiman. Usiku ule tulikitazama kwa upande wa pili. Hapa wako baba na mwana katika kazi moja, mbele ya shauri moja, na Kitabu hakifichi kwamba mwana ndiye aliyefahamishwa. Wala hakimshushi baba: papo hapo kimesema wote wawili walipewa hukumu na elimu. Suleiman hakusema baba amekosa akaondoka. Hakusema pia kwamba kwa kuwa baba ameshaamua, yeye hana neno. Alikaa katika kazi ya baba yake kwa macho yake mwenyewe, na baba, kama wanavyosimulia, aliikubali rai ya mwanawe. Ni wangapi katika sisi wazazi tunaoweza hilo la mwisho?

Hapa pwani tuna mfano wa karibu zaidi, nao umetuliza moyo wetu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdalla Mazrui, alikuwa mwanachuoni mkubwa, lakini alifariki mtoto akiwa bado hajajua kusoma. Aliyemlea na kumsomesha ni jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Kwa hiyo elimu ya baba ilimfikia mwana kwa mkono wa mtu mwingine. Akakua, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937 mpaka alipofariki mwaka 1947. Na hakuishia katika yale ya waliomtangulia, kwani aliingia pia katika kazi ya gazeti: Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwaandikia watu wa pwani kwa lugha yao juu ya elimu, ndoa, ubadhirifu na uzembe. Baadhi ya watu hawakupendezwa.

Naye alikuwa na mwana, Ali, aliyezaliwa mwaka 1933. Alitaka mtoto huyo apelekwe Al-Azhar asome sharia, afuate njia ya nyumba yao. Mauti yalimfika mtoto akiwa na miaka 14. Yule kijana hakwenda Al-Azhar. Alianza kazi kama karani katika Chuo cha Waislamu cha Mombasa, kisha njia ikamchukua Uingereza na Marekani, akawa Profesa Ali Mazrui wa Makerere na wa vyuo vikuu vya Marekani. Hakuvaa joho la ukadhi hata siku moja. Lakini mwenye kusoma maandishi yake ataona mtu aliyekuwa akikaa daima kati ya wagombanao: Uislamu na Magharibi, Afrika na waliomtawala Mwafrika, jadi na mambo mapya, akisikiliza hoja za huku na za huku. Mwaka 2014 alirudishwa akazikwa katika makaburi ya ukoo wao, karibu na Ngome ya Yesu. Sisi tunaona kazi ya baba ilimfikia, ingawa ilibadilika umbo njiani.

Tumewataja hawa kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao aliyefundishwa kazi akiwa amekaa gotini pa baba mpaka akakomaa. Jina lilifungua mlango, lakini kusoma walisoma upya. Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba kuwa mtoto wa karani na mtoto wa mpatanishi ni sawa na kuwa vyote viwili.

Tulirudi chumbani na mabadiliko madogo. Tulinunua dele la kahawa na vikombe sita. (Mkuu wa ofisi aliuliza kama hilo limo katika kanuni. Tulimjibu kwamba hatukuona mahali lilipokatazwa.) Tunakunywa kwanza. Hatuulizi kabla ya kikombe cha pili. Sindano hatuna na kushona hatujui, lakini tumejifunza kutazama meza mtu anapozungumza jambo zito. Na yule mke tulimpigia simu kupitia karani, tukamwomba radhi, akarudi. Safari hiyo tulinyamaza karibu saa nzima, na kunyamaza kwa mtu wa mimbari ni kazi kama kupiga makasia dhidi ya mkondo.

Kwa upande wa baba, tumechukua desturi yake ya majina. Katika mashauri ya mirathi tunaandika mabinti juu ya karatasi. Na hapo ndipo kazi hii ilipogeuka ikatutazama sisi.

Wasomaji wanaujua mwenendo wa pwani yetu. Baba akifa akaacha nyumba, watoto wa kike huitwa kando na shangazi au mama, wakaambiwa, "Wewe una kwa mumeo. Waachie ndugu zako. Samehe, usivunje undugu." Naye husamehe. Huandikwa kwamba amesamehe, au haiandikwi kitu. Miaka inapita, nyumba inauzwa au duka la chini linakodishwa, na mtoto wa yule binti anakuja kuuliza. Katika miezi yetu michache, jambo hili ndilo tulilokutana nalo zaidi ya jingine lolote, na kila mara jamaa wa kiume husema neno lilelile: "Lakini alisamehe."

Ni kweli kwamba wanavyuoni wamekubali mrithi aachie sehemu yake, na sulhu baina ya Waislamu inajuzu, ila ile inayohalalisha haramu au kuharamisha halali. Lakini iko hadithi aliyoipokea Abu Daud kutoka kwa Bi Ummu Salama (R.A.) ambayo sasa tunaisoma kila tunapofungua kikao cha mirathi. Watu wawili walimjia Mtume (S.A.W.) wakigombania urithi wa zamani, na hakuna aliyekuwa na ushahidi ila dai lake. Mtume akawaonya kwamba yeye ni binadamu, huhukumu kwa anayoyasikia, na mwenye kupewa haki ya nduguye kwa ufasaha wa ulimi wake amepewa kipande cha moto. Wote wawili wakalia, na kila mmoja akasema haki yake anamwachia mwenzake. Mtu angedhani shauri limekwisha hapo. Lakini Mtume hakuliacha. Aliwaambia waende wakagawane, waitafute haki, wapige kura, kisha kila mmoja amhalalishie mwenzake.

Tutazame utaratibu huo. Mgawanyo umetangulia na msamaha umefuata, hali wote walikuwa wamekwisha kusema wamesamehe. Mtu hupewa chake kwanza mkononi, akakijua kiasi chake. Akitaka kukitoa, anatoa kitu alichokuwa nacho. Binti zetu tunawataka wasamehe kitu ambacho hakuna aliyewaambia ni kiasi gani.

Jioni moja, tukiwa tumekwisha kumweleza hayo mzee mmoja kwa ufasaha, tulikwenda nyumbani tukiwa hatuna raha. Baba yetu alifariki mwaka 2001. Aliacha mke, watoto wawili wa kiume, yaani sisi na ndugu yetu, na binti mmoja, umbu letu, mdogo wetu sote. Aliacha nyumba ya Mji wa Kale yenye duka chini. Hesabu yake anaijua mwanafunzi yeyote wa elimu ya faradhi: mama thumni, na kilichobaki mafungu matano, wawili sisi mafungu mawili mawili, na binti fungu moja. Mama alipofariki mwaka 2009, thumni yake nayo ikatugawia vivyo hivyo, kwa hiyo haki ya umbu letu katika nyumba ile ni sehemu moja katika tano. Tumelisomesha jambo hili ubaoni pengine mara mia. Kodi ya duka tumekuwa tukigawana nusu kwa nusu, sisi na ndugu yetu, kwa miaka zaidi ya ishirini.

Alisamehe. Tulikuwapo. Mimbarini tungesema tuliona kwa macho yetu.

Ilikuwa baada ya arubaini ya baba. Sisi na ndugu yetu tulikuwa tumeanza kutoelewana juu ya duka, na mama aliogopa. Akamwita umbu letu uani, akazungumza naye kwa upole wake uleule uliowapatanisha watu wa mtaa mzima. Umbu letu akasema amesamehe. Sisi tukashukuru, nyumba ikatulia, na tukamsifu mama kwa hekima yake.

Tulifungua daftari la baba. Tulilitafuta jambo hilo, tukiogopa kulikuta na tukiogopa kutolikuta. Katika kurasa za mwisho, kwa mkono wake uliokwisha kuanza kutetemeka, ameandika mali yake na warithi wake. Jina la kwanza ni la umbu letu. Daftari lile lilikuwa katika kasha letu miaka yote hiyo, na herufi za Kiarabu tunazisoma kuliko tunavyosoma za Kizungu.

Basi tulimwendea. Anakaa ng'ambo, Likoni. Tulivuka kwa feri baada ya laasiri, tukimkuta anakaanga kaimati. Hatukujua pa kuanzia. Tukanywa kahawa, tukanywa na cha pili. Kisha tukamuuliza kama alisamehe kweli.

Alicheka kidogo, si kwa furaha. Akasema, "Kaka, unakumbuka mama alivyokuwa akizungumza na watu? Anashona, hakutazami. Siku ile aliweka sindano chini. Akanitazama usoni. Ningesema nini?"

Hatukuwa na jibu. Tulimuuliza kwa nini hakusema kitu miaka yote hiyo. Akasema alikuwa akingoja mmoja wetu aulize, na kwamba mwanawe alipokosa karo ya chuo alitaka kuja, akafika mpaka kivukoni, akarudi.

Tumeandika haya tukijua kwamba mama hawezi kujibu, na adabu ya mtoto kwa mzazi wake aliyekufa ni nzito kuliko kwa aliye hai. Mama yetu aliwaokoa watu wengi kutoka kwenye talaka za hasira, na wako wajukuu mjini humu ambao wasingekuwapo lau si kikombe chake cha pili. Siku ile alitaka amani na akainunua; bei yake alilipa binti yake. Tukisema hivyo hatumvunjii heshima, kama ambavyo Suleiman hakumvunjia Daud. Na kama yuko wa kulaumiwa, si mjane aliyewaogopea watoto wake wasipigane. Ni watoto wake wawili wenye elimu ya faradhi, waliochukua nusu kwa nusu wakanyamaza.

Kwa vijana wanaoingia mwaka huu katika kazi za wazazi wao, muuguzi, mwanabandari, maalim, karani, tunaweza kusema tu yale tuliyoyaona. Tulikuwa tukidhani tumekwenda pale mahakamani kuendeleza kazi yao. Kumbe katika kazi hiyo kulikuwa na deni walilotuachia, na wa kulilipa ni sisi.

Ndugu yetu hajakubali bado. Anasema mama alishamaliza, na kulifukua jambo hili ni kumfukua mama. Tumemsomea makala haya kabla ya kuyatoa. Hakufurahi, lakini hakukataza, na Allah amlipe kwa hilo. Umbu letu ametoa ruhusa kwa sharti moja, kwamba tusiandike mahali popote kuwa amesamehe, mpaka atakapolisema mwenyewe akiwa na chake mkononi. Mthamini wa nyumba ameitwa. Kodi ya miezi mitatu iliyopita tumeitia katika bahasha tatu, kwa mafungu mawili, mawili na moja, na za nyuma zinahesabiwa. Kwa kuwa mtu hawi msuluhishi wa shauri lake mwenyewe, tumemwomba sheikh mwingine atukalishe sote watatu. Tutakutana Jumamosi baada ya laasiri, inshallah, nyumbani kwa umbu letu. Amesema kahawa ataipika yeye, na ametutaka tuvuke na daftari la baba.